Beji ya Kumi na Pipa la Refa

"Nge."

Ndiyo sauti iliyoniamsha. Mshikio wa ndoo ya bati umeangukia ukingo, halafu kimya cha ghafla, kama mtu ameukamata kwa viganja viwili ukiwa bado unatetemeka.

Saa kumi na moja alfajiri.

Sikushtuka. Sauti hiyo nilikuwa nimeizoea kwa siku sita. Nilichokuwa nasubiri ni geti.

Geti letu, ndugu zangu, lilikuwa na bawaba ya kutu, na kwa miaka mitatu hakuna aliyelifungua mtaa usijue. Lilikuwa linalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu.

Nikavuta shuka hadi kidevuni, nikasubiri mbuzi wetu alie.

Hakulia.

Nikasikia komeo limevutwa. Nikasikia kandambili zinatoka nje, chapa chapa chapa. Geti limefunguka, geti limefungwa, na bawaba haikutoa hata mguno.

Nikaketi kitandani mdomo wazi.

Ndani ya nyumba hii tuko wawili tu. Mimi sikuligusa. Na yule aliyetoka sasa hivi, jana yake nilimsikia kwa masikio yangu akilinong'oneza geti, "Nyamaza basi, tafadhali," na geti likamjibu kwa kelele za kumwaibisha.

Sasa nani kaliponya usiku mmoja?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mjukuu wangu ana miaka kumi na mmoja. Mtaani wanamwita Njiti, kwa sababu ya miguu yake, na yeye hana neno, anaitika. Anaishi na mimi kwa kuwa mama yake, binti yangu, ni muuguzi katika mji wa mbali, na zamu zake hazina huruma. Tangu mwaka uanze walikuwa hawajaonana.

Njiti ni skauti. Si skauti wa kuvaa skafu tu na kupiga picha. Mkono wa kushoto wa shati lake ulikuwa na beji tisa: mafundo ya kamba, huduma ya kwanza, kusoma ramani, kuwasha moto kwa kiberiti kimoja, na nyingine ambazo hata sizijui. Ile ya kupika nje ilinigharimu sufuria mbili, lakini hayo tumeshasameheana.

Ilibaki moja. Ya kumi.

Na beji kumi ndiyo ruhusa ya kwenda kambi kubwa, siku tano kando ya ziwa. Kambi yenyewe ilikuwa safari ya saa moja tu kutoka mji wa mama yake. Siku ya mwisho wazazi wanakaribishwa. Mama aliahidi kwenye simu, "Wewe pata beji zako, mwanangu. Mimi nitapata ruhusa hata kwa kupiga magoti."

Kwa hiyo mnaona. Kile kitambaa kidogo cha duara kilikuwa mama yake.

Beji ya kumi inaitwa Mkono Usioonekana. Kiongozi wao, mwanamama ambaye siku za kazi ni fundi cherehani pale kwenye safu ya maduka na ndiye anayezishona beji kwa mkono wake, aliwaeleza hivi:

"Chagua mtu asiye wa nyumbani kwako. Mtendee msaada mmoja kila siku, siku kumi na nne, bila kuruka. Asijue ni wewe. Siku ya mwisho unampelekea kadi, anaandika mwenyewe: nilijua, au sikujua. Akiandika alijua, unarudi sifuri."

Mtoto mmoja akauliza, "Na wa nyumbani wakijua, Fundi?"

"Wakijua si kosa. Wakisaidia ni kosa. Wasiguse hata mshikio wa ndoo."

Halafu akajigamba kidogo, Fundi yule, maana naye ni binadamu. "Na msidhani ni rahisi. Mimi mtu akinitendea wema namtambua kwa kumtazama usoni tu. Wema una sura."

Kaeni na maneno hayo, tutayarudia.

Njiti akamchagua Refa.

Nilipogundua, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Katika mtaa mzima wenye watu wa kila namna, mtoto kamchagua Refa!

Refa ni jirani yetu wa ng'ambo ya njia. Alikuwa mwamuzi wa mpira enzi zake. Miaka ishirini iliyopita timu ya mtaa wetu ilifika fainali, ikafunga bao dakika ya mwisho, watu wameshavua mashati wanakimbia uwanjani, yeye akapuliza filimbi. Aliona mkono. Bao likafutwa, kombe likaenda kwa wengine.

Na mfungaji, ndugu zangu, alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja.

Toka siku hiyo mtaa ukamfungia vioo. Salamu anapewa, marahaba anaitikia, basi. Mlango wake haugongwi. Mimi mwenyewe sikuwahi kuvuka kizingiti chake, na sina sababu ya maana ya kuwaambia. Kila mtu alikuwa haendi, nami nikawa siendi.

Sasa Njiti alikuwa amemwona mzee huyo jioni moja, na goti lake bovu, akichota maji kwenye pipa nyuma ya nyumba kwa kindoo cha kuchezea watoto, akichechemea nacho taratibu.

"Bibi, maji yake yamekatwa," aliniambia baadaye. "Anateka kwenye pipa. Na nani anamjazia?"

Ndiyo kazi akajipa. Kila alfajiri ndoo mbili, kutoka bomba letu la uani, kuvuka njia, kupita ubavuni mwa nyumba ya Refa, hadi kwenye pipa. Saa ya mezani alikuwa anaificha chini ya mto, kaiviringisha kwenye soksi ili kengele isiniamshe mimi. Nilipoiona ile soksi niliirudisha vilevile. Mtoto anayefikiria usingizi wa bibi yake si wa kuumbuliwa.

Siku ya saba ndiyo hiyo geti lilipoacha kulia.

Asubuhi nikamuuliza, "Umelitia geti mafuta?"

"Mimi? Nilidhani ni wewe, Bibi."

"Mimi bawaba naijua kwa kelele zake tu."

Tukatazamana. Njiti akapunguza sauti. "Basi ni muujiza wa kiskauti."

"Kunywa chai yako, muujiza utakuchelewesha shule."

Siku zikaenda. Ya nane, ya tisa, ya kumi. Kwenye ukuta wa chumba chake alikuwa anachora vijiti kwa penseli, nami nikipita nahesabu kama mfungwa anayekaribia kutoka.

Siku ya kumi na moja, kimeumana.

Jana yake kikosi kilikuwa kimetembea porini kutwa nzima. Alirudi kachoka hata viatu nilimvua mimi. Alfajiri nikaamka kwa mazoea. Nikasikiliza.

Hakuna nge.

Nikanyata hadi mlangoni kwake. Mtoto kalala chali, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika soksi yenye saa ndani. Kengele imelia hadi imechoka, yeye hana habari.

Nikasimama pale nikimtazama. Zile njiti zake mbili zimetokeza nje ya shuka, zina mikwaruzo ya miiba.

Nilijua sheria. Wasiguse hata mshikio wa ndoo. Lakini nikajiambia, mwanamke wewe, mtoto wa watu kachoka, zimebaki siku nne, mama yake anasubiri. Nani ataona?

Nikachukua ndoo.

Sitawadanganya, umri wangu si wa kubeba maji gizani. Ndoo ya kwanza nusu ilinywa gauni langu. Ya pili nilipumzika mara tatu, na pale kwenye pipa nilihema hadi nikashika ukuta. Pazia la dirisha la jikoni kwa Refa likacheza.

Nikasema ni upepo.

Hakukuwa na upepo.

Kulipokucha nikasikia kilio. Njiti kasimama katikati ya chumba, nywele zimesimama, saa mkononi. "Bibi! Nimelala! Nimeharibu kila kitu!"

Na mimi, mtu mzima ninayeheshimika, nikamtazama mtoto machoni nikasema, "Umeharibu nini? Mbona ulikwenda? Nilikusikia kabisa. Ulikuwa unatembea usingizi umekujaa."

Akakimbia uani. Ndoo imelowa.

Akarudi kang'aa. "Kumbe naweza kubeba maji nikiwa nimelala! Bibi, mimi ni hodari jamani!"

"Hodari sana," nikasema, nikageukia jiko nisionekane uso.

Siku ya kumi na nne ikafika. Jioni Njiti akavaa sare, akafunga skafu, tukavuka njia pamoja. Akagonga mlango ambao haugongwi.

Refa alifungua mwenyewe. Mrefu, shati limepigwa pasi ya kukata mtu, miwani juu ya paji la uso.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

Njiti akampa kadi kwa mikono miwili. Mzee akashusha miwani, akaisoma yote, hadi yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna binadamu anayeyasoma.

"Swali ni kama nilijua," akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Nilijua."

Njiti akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Saa kumi na moja na dakika nane."

Nikaona skafu ya mtoto inapanda na kushuka. Lakini Refa hakuwa amemaliza.

"Na siku ya kumi na moja hukuwa wewe. Aliyekuja siku hiyo alikuwa na kilo nyingi kukuzidi, na alikuwa anahema kama pampu ya baiskeli."

Ningepata shimo ningeingia.

Njiti akageuka polepole. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Bibi?"

"Ni mimi, mjukuu wangu," nikasema. "Ulikuwa umelala. Nikakudanganya."

Refa akatoa kalamu mfukoni, akaweka kadi ukutani, akaandika: Nilijua. Herufi ya mwisho ilipinda hadi nje ya mstari.

"Ungependa niandike uongo?" akamuuliza mtoto, na sauti yake haikuwa ya ukali.

"Hapana, Babu."

"Asante." Akafunga mlango.

Mimi nikabaki pale nikiuambia ule mlango maneno ambayo sitayaandika hapa, maana najua na watoto wanasoma.

Njiti alikwenda moja kwa moja kwa Fundi, nami nikamfuata nyuma, akamweleza yote mwenyewe: kujulikana, na ndoo za bibi. Fundi alikuwa anapanga orodha ya kambi. Akasikiliza, akasema, "Sifuri ni sifuri, mwanangu." Lakini jina la Njiti hakulikata. Alilifuta la wino, akaliandika upya kwa penseli. Watu wengine hawangeliona hilo. Mimi niliona.

Zilibaki siku kumi na sita kabla ya kambi.

Siku ya kwanza kati ya hizo Njiti hakusema na mimi. Alikula, akaosha sahani yangu na yake, akakaa chumbani. Mchana nikashindwa, nikaenda kukaa ukingoni mwa kitanda chake.

"Nilikuonea huruma," nikasema.

"Najua."

"Nikaona zimebaki siku chache, na mama yako..."

"Bibi." Akageuka, macho mekundu. "Ungeniamsha tu."

Maneno mawili. Nimelea watoto watano na wajukuu sijui wangapi, sijawahi kupigwa maneno mawili yakaniingia hivyo. Ningemwamsha tu! Ilikuwa rahisi kiasi hicho, na mimi nikaona bora kuvunja mgongo na kusema uongo.

Nikamwomba msamaha. Akanisamehe, kisha akalia, kisha tukashona kifungo cha sare yake kilichokuwa kinaning'inia, kazi ikatutuliza.

Jioni hiyo tuko uani, nikainua macho, Refa huyu hapa kasimama ndani ya geti. Hatukumsikia akiingia.

Nikalitazama geti. Nikamtazama vidole. Kucha zake zilikuwa na weusi wa grisi.

"Ni wewe!" nikasema.

"Lilikuwa linamchongea mtoto," akajibu, akitazama miti. "Kila alfajiri linamtangaza."

"Mzee, ulikuwa unamwona, ukajua siku ya mwisho utamnyima. Sasa grisi ya nini?"

Akakohoa. Akamgeukia Njiti, akatoa mfukoni saa ya kamba ndefu na filimbi ya zamani.

"Hesabu zako zikoje? Kambi bado siku ngapi?"

"Baada ya leo zimebaki kumi na tano," Njiti akasema kwa unyonge.

"Mchezo unahitaji kumi na nne. Ukianza kesho unamaliza siku moja kabla ya kuondoka. Hakuna dakika za nyongeza, lakini muda upo. Kwa nini umekaa?"

Njiti akainua kichwa. Nikaona kitu kinawaka mle machoni, kiberiti kimoja tu.

"Nimtendee nani?"

"Hilo si la mwamuzi."

Mtoto akafikiri. Akasogea, akamvuta mzee bega, akamnong'oneza sikioni.

Na Refa, ambaye kwa miaka ishirini sikuwahi kuyaona meno yake, akacheka. Alicheka hadi akashika goti.

"Nani?" nikauliza. "Nani, jamani?"

"Bibi, wewe huambiwi," Njiti akasema. "Wewe unashika ndoo."

"Kadi ya njano," Refa akaongeza.

Nikaweka sharti moja tu: mtoto haendi popote peke yake gizani. Refa akasoma kijitabu cha sheria chote, akiwa kasimama, kisha akatoa uamuzi: "Kusindikiza si kusaidia. Mimi nitakuwa mshika kibendera. Nitasimama pembeni, sitagusa kitu."

Basi ikawa hivyo. Kila alfajiri namsikia mzee anafika getini, anakohoa mara moja. Njiti anatoka bila ndoo safari hii, mfukoni kitu kinagongana kidogo. Wanaondoka, mmoja anachechemea, mwingine anapunguza hatua ili asimwache nyuma. Wanarudi kabla ya kwenda shule, mimi nimeshachemsha chai, tunakunywa watatu uani. Mzee akawa anaanza kusema. Siku ya tano akatusimulia lile bao. Siku ya sita Njiti akamuuliza, "Na mdogo wako alikusamehe, Babu?"

"Alinisamehe jioni ileile. Alijua alishika. Mtaa ndio haukujua cha kufanya na mimi."

Nikamwongezea chai.

Siku ya tisa ilinyesha mvua ya kufa mtu, wakaenda. Siku ya kumi na mbili Njiti hakusikia kengele. Nikasimama mlangoni kwake, mikono imefungwa nyuma kwa hofu ya kujisahau.

"Njiti! Amka, mchana unakukuta!"

Akaruka kama aliyemwagiwa maji. Alipopita mbio akanibusu kiwiko. Sijui kwa nini kiwiko. Nadhani ndicho kilichokuwa karibu.

Siku ya kuondoka ikafika. Asubuhi, skauti wote na mabegi yao wamejaa kwenye baraza la duka la Fundi, gari linangoja. Fundi na orodha yake mkononi, anaita majina ya wino. Akafika kwenye penseli.

"Njiti. Una kadi?"

"Ninayo, Fundi. Lakini haijatiwa sahihi."

Watoto wakaguna. Fundi akashusha karatasi. "Mwanangu, gari linaondoka. Huyo mtendewa yuko wapi?"

Njiti akanyoosha kadi kwa mikono miwili.

"Ni wewe."

Skauti wote wakamgeukia Fundi.

"Mimi?" Fundi akasema. "Mimi nimetendewa nini?"

"Nimefagia baraza lako siku kumi na nne. Na pini." Njiti akatoa mfukoni sumaku kubwa ya spika iliyoharibika. "Zile zinazodondoka unaposhona. Nilikuwa naziokota, naziweka kwenye kile kikopo mlangoni."

Fundi akageuka kukitazama kikopo. Kimejaa pini hadi juu. Halafu uso wake ukabadilika, akazunguka taratibu kumtafuta mlinzi wa safu ile ya maduka, mtu mnene mpole, ambaye alikuwa anajaribu kujificha nyuma ya nguzo nyembamba.

"Mlinzi!"

"Naam, mama."

"Siku kumi na nne nakuletea chai na mkate kwa kunifagilia baraza!"

"Mama, mimi sijawahi kusema nimefagia. Uliniletea, nikanywa. Nilidhani umenipendea tu roho yangu."

Lo! Watoto walivyocheka, baraza zima likatikisika. Mlinzi kumbe kila alfajiri alikuwa kalala fofofo, na mshika kibendera akimchunga asigeuke.

"Fundi," Njiti akauliza kwa adabu zote, "si ulisema wema una sura?"

Fundi akajifunika uso kwa orodha. Alipoitoa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akachukua kalamu, akaandika: Sikujua. Sikujua kabisa!

Refa akaichukua kadi, akaikagua mbele na nyuma. Kisha akaweka filimbi mdomoni, akapuliza ile ndefu, ya bao. Mtaa wetu ulikuwa umeisubiri miaka ishirini.

Fundi aliishona beji palepale mtoto akiwa kavaa shati, kaishikiza kwanza kwa pini moja ya kwenye kikopo.

Kambi ilikwenda salama. Mama yake alifika siku ya wazazi bado kavaa viatu vya zamu. Picha ninayo: wamekumbatiana hadi huoni mkono upi ni wa nani, lakini beji kumi zinaonekana zote.

Mnadhani imeishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, kabla hakujakucha, nikasikia:

"Nge."

Nikatoka. Njiti yuko bombani.

"Unafanya nini? Beji si unayo?"

"Bibi, Babu Refa amekaa wiki tatu bila kujaziwa pipa. Beji ndiyo imekwisha, kiu yake je?"

Nikaitazama ndoo ya pili. "Naruhusiwa kushika?"

"Leo unaruhusiwa."

Tukavuka, ndoo moja moja, yangu nusu. Tukapita ubavuni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na taa ya jikoni inawaka. Refa kasimama kwenye beseni la ukutani anaosha kikombe.

Chini ya bomba. Maji yanamwagika mazito kama mvua.

Njiti akaweka ndoo chini. "Babu... una maji?"

Mzee akaganda. Akafunga bomba, kana kwamba hatujaona.

"Tangu lini?" nikauliza.

Yule asiyeweza kusema uongo akatazama sakafu. "Hayajawahi kukatika."

"Na pipa?"

"La kumwagilia bustani."

"Nilibeba ndoo ishirini na nane!" Njiti akapiga kelele.

"Ishirini na sita," Refa akasahihisha. "Mbili ni za bibi yako, na nusu alimwaga njiani. Kila jioni nilikuwa nayamaliza yote kwenye mboga ili asubuhi ukute nafasi. Goti liliniuma, lakini nilimaliza."

Nikatazama nje. Kulikuwa kunapambazuka, nikaziona mboga zenyewe: majani mapana kama masikio ya tembo. Na dirishani, kopo la grisi.

"Kwa nini hukusema, Babu?" Njiti akauliza, sasa kwa upole.

Refa akafuta kikombe, akakifuta tena.

"Ningesema, ungeacha kuja."

Hilo ndilo jibu la grisi. Nimelisubiri nikalipata.

Wasomaji wangu, mimi nimejifunza mawili tu na nitayasema kifupi. Ukimpenda mtoto usimbebee ndoo yake ukamdanganya. Mwamshe. Na katika mtaa wako kuna mtu ambaye pipa lake limejaa pomoni, maji si shida yake. Mlango ndio haugongwi. Nilikuwa mita kumi na tano kutoka kwa mtu huyo kwa miaka ishirini.

Asubuhi hiyo tulikaa jikoni kwake hadi jua likaingia. Alikuwa na vikombe viwili tu, mmoja wetu akanywea kwenye bakuli. Tulipoinuka kuondoka Njiti akachukua ndoo zetu tupu, mzee akatufuata hadi mlangoni, kashika fremu.

"Kesho," akasema, "ndoo acheni. Ila nyinyi mje."